Kompyuta Nzima Haizikwi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha masasisho ya bure ya Windows 10. Siku hiyo hakuna waya uliokatika ndani ya kompyuta za Nunguni, wala kioo kilichopasuka. Mashine zilizokuwa zikichapa kazi katika saiba za soko hili la milima ya Kilungu, katika maabara za shule na mezani kwa walimu na makarani, ziliwashwa tarehe 15 zikiwa na nguvu zilezile za jana. Kilichobadilika ni kwamba mwenye mfumo alisema hatazilinda tena dhidi ya wadukuzi, na aliyetaka kuhamia Windows 11 akaambiwa na skrini yake mwenyewe kwamba kompyuta hiyo haifai. Ushauri unaofuata hapo huwa ni mmoja: mashine imezeeka, tafuta nyingine. Naupinga ushauri huo. Kompyuta iliyo nzima ipewe mfumo wa Linux kwanza, kabla ya senti yoyote kutolewa kwa ajili ya nyingine, na wa kwanza kufundishwa mfumo huo awe fundi na mhudumu wa saiba, kabla ya mtumiaji wa kawaida kusumbuliwa.

Tuutazame mpaka uliowekwa, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na kwa kompyuta zenye kichakataji cha Intel inadai kizazi cha nane au cha baadaye, yaani vichakataji vilivyoanza kutoka mwaka 2017, pamoja na vichache tu vya kizazi kilichotangulia. Sasa zitazame laptopu ambazo Wakenya wengi wanazimudu, zile ziitwazo "ex-UK": mashine zilizotumika miaka michache katika ofisi za Ulaya na Marekani, zikaletwa Nairobi, zikauzwa katika maduka ya Luthuli Avenue na kutoka hapo zikasambaa hadi Machakos, Wote, Emali na vilimani Kilungu. HP EliteBook 840 za toleo la G3 na G4 zina vichakataji vya kizazi cha sita na cha saba. Lenovo ThinkPad T460 na T470 hivyohivyo. Zote hizo zimebaki upande wa pili wa ua. Na si mashine dhaifu. Nyingi zina kichakataji cha i5, RAM ya gigabaiti 8 na mwili uliotengenezwa kustahimili misukosuko ya safari za kikazi. Mtu aliyenunua moja miaka mitatu iliyopita kwa fedha za kuuza ng'ombe anaambiwa leo kwamba kifaa chake ni chakavu, ilhali hakuna sehemu yake iliyochakaa.

Njia alizopewa mtu huyo ndani ya ulimwengu wa Windows ni finyu. Microsoft imeruhusu mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya usalama kwa watu binafsi, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa kuunganisha kompyuta na akaunti yake. Wakazi wa nchi za Ulaya walipewa masharti nafuu zaidi baada ya watetezi wa watumiaji kule kupiga kelele. Nyongeza ya mwaka mmoja haitatui lolote, inasogeza tarehe tu. Njia ya pili ni kuisakinisha Windows 11 kwa ujanja, kwa kuruka ukaguzi wa TPM. Mafundi wanaijua njia hiyo na mara nyingi inafaulu, lakini kampuni yenyewe inasema haitoi ahadi kwamba mashine kama hizo zitaendelea kupata masasisho. Njia ya tatu ni kununua laptopu nyingine ya ex-UK ya kizazi cha nane. Yaani kutoa maelfu ya shilingi ili upate mashine inayofanya kazi ileile iliyokuwa ikifanywa na ya kwanza.

Linux ndiyo njia ya nne, na kwa jina wengi wanaidhani ni kitu cha ajabu cha wataalamu wenye miwani. Ukweli ni kwamba karibu kila mtu anayepanda matatu ya kwenda Nunguni ana Linux mfukoni, kwa sababu Android, mfumo wa simu nyingi za mkononi nchini, umejengwa juu ya kiini cha Linux. Kiini hicho kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, Finland. Aliuweka msimbo wake wazi ili yeyote ausome, auboreshe na kuugawa, na tangu mwaka 2005 pekee zaidi ya watu 15,000 wamechangia kazi hiyo. Kwa wakazi wa Kilungu utaratibu huo haupaswi kuwa mgeni. Matuta yanayozuia udongo kuporomoka kwenye miteremko ya Ukambani yalichimbwa kwa mwethya: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na faida ya udongo uliobaki ni ya wote. Linux ni mwethya wa waandishi wa programu, wengine wakilipwa na kampuni kubwa, wengine wakijitolea, na kinachovunwa kinabaki mali ya kila mtu. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye kasi kubwa kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux. Seva nyingi za intaneti pia. Mji wa Konza, ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013 pale Malili kwa ndoto ya kuwa makao ya teknolojia, uko humuhumu katika kaunti ya Makueni, ilimo Nunguni. Itakuwa kichekesho kaunti inayobeba ndoto hiyo ikose mtu wa kusakinisha Linux katika kituo cha soko.

Ni nini hasa hubadilika kompyuta ya zamani ikipewa Linux? Kwanza tuelewe kwa nini ilikuwa nzito. Kichakataji hakichoki kwa umri kama goti la mzee. Kinacholemea ni kwamba mfumo mpya na programu zake hudai kumbukumbu kubwa kuliko ile iliyokuwapo kompyuta ilipotengenezwa, huku kazi nyingi zikiendelea chinichini bila wewe kuziagiza: ukaguzi wa virusi, upakuaji wa masasisho, utumaji wa taarifa kwa kampuni. Diski ya kizamani inayozunguka haiwezi kusoma vitu vyote hivyo kwa pamoja, basi taa inawaka bila kupumzika na mshale wa kipanya unaganda. Linux Mint, toleo ninalolipendekeza kwa anayeanza, inadai RAM ya gigabaiti 2 kama kiwango cha chini, na gigabaiti 4 ili mtu afanye kazi kwa raha, pamoja na nafasi ya gigabaiti 20 kwenye diski. Iko katika sura kadhaa, na ile iitwayo Xfce imetengenezwa kwa kuzingatia mashine zenye uwezo mdogo. Sura yake haimtishi aliyezoea Windows: kitufe cha menyu kiko chini kushoto, saa iko chini kulia, faili ziko ndani ya folda.

Hata hivyo wahubiri wa Linux wana tabia ya kuahidi miujiza, na miujiza hiyo ndiyo huwarudisha watu nyuma. Linux haiongezi RAM. Kompyuta yenye gigabaiti 2 itawaka upesi na kuandika barua bila shida, lakini ukifungua kurasa sita nzito za intaneti itatweta, kwa sababu kivinjari cha siku hizi ni mlafi katika mfumo wowote. Mashine za kale zaidi, zile za biti 32 za enzi ya Pentium 4, zinaagwa hata na Linux yenyewe: Debian 13, toleo jingine la Linux lililotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Hizo zipelekwe kwa wanaochakata taka za kielektroniki, bila machozi. Na kama kuna pesa kidogo ya kutumia, itumike kwenye diski ya SSD. Mabadiliko ya kutoa diski inayozunguka na kuweka SSD, kwa laptopu ya mwaka 2012 kuja juu, huonekana kuliko mabadiliko mengine yoyote, na gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya laptopu nyingine. Fundi anayekuuzia kompyuta mpya kabla ya kukueleza habari za SSD anajali biashara yake kuliko yako.

Kuna sababu ya pili, nzito kuliko kasi, nayo ni usalama wa watu wengine. Saiba ya kijijini Kenya si mahali pa michezo. Ndipo mwananchi asiye na kompyuta anapotuma maombi ya mkopo wa masomo wa HELB, anapochagua kozi za chuo kupitia KUCCPS, anapoomba cheti cha mwenendo mwema kwenye eCitizen, anapowasilisha taarifa za kodi za KRA kabla ya mwisho wa Juni. Anampa mhudumu nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, neno la siri, pengine na nakala ya hati ya shamba. Haya yote yanapita katika kompyuta moja. Ikiwa kompyuta hiyo haipati masasisho, kila pengo jipya linalogunduliwa linabaki wazi daima. Mbaya zaidi, mashine nyingi hazikuwahi kuwa na Windows halali. Muungano wa kampuni za programu, BSA, katika utafiti uliotolewa mwaka 2018, ulikadiria kwamba asilimia 74 ya programu zilizosakinishwa Kenya hazikuwa na leseni. Leseni halali ya Windows 11 Home inauzwa dola 139, takriban shilingi 18,000, bei ya laptopu nzima ya mtumba. Si ajabu watu hawanunui. Wanachofanya ni kupakua kifungua leseni kutoka tovuti isiyojulikana, na ili kifanye kazi wanazima kinga ya virusi kwa mkono wao wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka yeyote anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Haisemi kwamba biashara ndogo ya vilimani haihusiki. Linux inampa mwenye saiba mfumo halali, unaosasishwa kwa miaka, bila kulipa na bila kuiba. Hoja hii peke yake inatosha, hata kama kasi isingeongezeka hata kidogo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba Linux haitaendesha programu tunazozihitaji. Lijibiwe kwa kuangalia kazi zenyewe. Karibu kila huduma niliyoitaja hapo juu hufanyika ndani ya kivinjari, na Firefox au Chrome ya Linux haina tofauti na ile ya Windows. Barua, wasifu wa kazi, kumbukumbu za mikutano ya chama na hesabu za kikundi hufanyika kwa LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Waraka wenye mapambo mengi unaweza kuyumba kidogo mpangilio wake, ndiyo maana barua ya kutuma kwa mwajiri itumwe kama PDF. Lakini pingamizi hili lina ukweli wake na halifai kupuuzwa. Fomu za kodi za wafanyabiashara ambazo KRA huzitoa kama karatasi za Excel zenye makro hazitabiriki ndani ya LibreOffice. Mwenye mshahara tu anaweza kujaza fomu yake moja kwa moja mtandaoni, lakini mwenye duka anaweza kukwama. Wahasibu wanaotumia QuickBooks ya kusakinishwa, wachoraji wa ramani za nyumba wanaotumia AutoCAD, na studio za picha zinazotegemea Photoshop, wabaki walipo. Printa nyingi za HP na Epson hutambuliwa bila shida, lakini baadhi ya printa za bei nafuu hukataa katakata, na saiba bila printa si saiba. Kwa hiyo saiba yenye kompyuta tano isizihamishe zote kwa siku moja. Ibakize mashine moja yenye Windows halali inayosasishwa, kwa zile kazi chache zinazoihitaji, na nne ziwe za Linux. Mpango huo hauna ushujaa wowote, nao ndio unaodumu.

Pingamizi la shule ni gumu zaidi. Mtihani wa KCSE wa somo la Kompyuta una karatasi ya vitendo, na walimu wengi huwaandaa watahiniwa kwa Word, Excel, Access na Publisher. Mwalimu mkuu anauliza: nitawezaje kumhatarisha mtoto wa mtu? Hawezi, wala asifanye hivyo. Mashine za watahiniwa zibaki kama zilivyo mpaka Baraza la Mitihani liseme wazi kwamba ustadi unaopimwa ni wa kutengeneza jedwali na hifadhidata, kwa programu yoyote. Kwamba jambo hilo linawezekana kumeonyeshwa na jimbo la Kerala, India, ambako shule za umma zimefundishia kompyuta kwa programu huria kwa karibu miongo miwili, zikiwa na toleo lao la Linux katika kompyuta zaidi ya 200,000, na mtihani wa mwisho wa somo hilo hufanywa humohumo. Watoto wa Kerala hawakukosa kazi kwa sababu hiyo. Jimbo hilo linapeleka wahandisi wa programu duniani kote. Isitoshe, wanafunzi wanaofanya somo la Kompyuta katika KCSE ni wachache ukilinganisha na wanafunzi wote wa shule. Wengine wanahitaji tu kujua kuchapa, kutafuta, kuhesabu na kusoma, na hao hawana sababu ya kunyimwa kompyuta kumi zilizorundikwa stoo eti kwa kuwa hazikubali Windows 11.

Kwa shule isiyo na intaneti ya uhakika, hapa ndipo Linux inaponoga. Programu ya Kiwix huhifadhi Wikipedia nzima ndani ya diski na kuifungua bila mtandao, iwe ya Kiingereza au ya Kiswahili, ambayo ilianzishwa mwaka 2003. Kolibri hufanya hivyohivyo kwa masomo ya video na mazoezi. Kompyuta moja ya Linux inaweza kuwa seva, nyingine zikasoma kutoka kwake kwa waya, na siku umeme ukiwapo darasa lina maktaba. Gharama ya bando, ambayo wengi huitaja kama kikwazo cha Linux, haijirudii kwa kila mashine: faili ya kusakinisha ina gigabaiti zipatazo 3, inapakuliwa mara moja, inawekwa kwenye flashi, na flashi hiyohiyo inahudumia mtaa mzima bila kuvunja sheria yoyote.

Wapo watakaosema nawapelekea watu wa Makueni mabaki: Nairobi ipate Windows 11 na kompyuta mpya, vijijini wapewe mitumba yenye mfumo wa bure. Nalielewa dukuduku hilo, maana nchi hii imewahi kuletewa vitu vingi kwa jina la msaada. Lakini mfumo wenyewe hautumiwi na wanyonge peke yao. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lina kompyuta zaidi ya 100,000 zenye toleo lake la Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani liliamua mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 za serikali kutoka Microsoft Office hadi LibreOffice, likilenga kufika Linux baadaye. Hao wanazo pesa za leseni. Wanachokikataa ni kuwa chini ya ratiba ya kampuni ya ng'ambo. Atakayenijibu kwa mfano wa Munich, jiji lililohamisha kompyuta zipatazo 15,000 kisha mwaka 2017 madiwani wakapiga kura ya kurudi Windows, atakuwa na haki ya kuutaja. Mfano huo una funzo: mfumo huria usio na watu wa kuutunza na uongozi unaouamini hufa, hata ukiwa mzuri.

Funzo hilo tunalo hata hapa Afrika Mashariki, na la zamani zaidi. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo. Ilikuwa kazi ya fahari. Istilahi nyingi za kompyuta tunazozitumia leo zilipata msukumo kutoka miradi ya aina hiyo. Lakini zunguka saiba za mikoani, Tanzania au Kenya, utafute mahali inapotumika. Programu ilikuwapo, lugha ilikuwapo, bei ilikuwa sufuri. Aliyekosekana ni fundi wa sokoni anayeweza kusema, "Lete, nitakuwekea, ikikusumbua rudi." Mifano iliyodumu zaidi ni ile iliyoanzia kwa fundi. Shirika la Camara, lililozaliwa Ireland mwaka 2005 na kufungua kituo Mombasa, lilizikarabati kompyuta zilizotumika, likaziwekea mfumo uliotokana na Ubuntu, na likawafundisha walimu wanaozipokea. Computers for Schools Kenya, tangu mwaka 2002, imefanya kazi yote ya kukarabati, kusambaza, kufunza na hatimaye kurudisha zilizokufa ili zichakatwe. Mpangilio huo una maana zaidi kuliko chapa ya mfumo uliomo ndani.

Basi hoja ya "hakuna anayeijua Linux Nunguni" naikubali kama ilivyo, kisha naigeuza kuwa kazi ya kufanya. Mtumiaji wa kawaida hakuwahi kuisakinisha Windows, alimpelekea fundi. Vivyo hivyo hahitaji kuisakinisha Linux. Anayehitaji mafunzo ni yule kijana mwenye meza ya kutengeneza simu na laptopu, na mafunzo yake si ya miaka. Akishajua kuhifadhi nakala ya faili za mteja, kutengeneza flashi ya kuwashia, kugawa diski, kuunganisha printa na kurejesha mfumo kwa programu ya Timeshift pale mambo yanapoharibika, ana ujuzi wa kumlisha. Vyuo vya ufundi vya kaunti ya Makueni vinafundisha umeme, ushonaji na makanika. Kozi fupi ya kukarabati kompyuta kwa programu huria haihitaji jengo jipya wala vifaa vya kuagizwa, kwa kuwa vifaa vyenyewe ni zile kompyuta zilizolala stoo za shule na ofisi za kaunti. Serikali kuu ilitumia mabilioni kusambaza vifaa zaidi ya milioni 1 kwa shule za msingi chini ya mpango wa kidijitali uliozinduliwa mwaka 2016, na tatizo lililofuata kila mahali lilikuwa hilohilo: vikiharibika, nani avitengeneze? Hatujajibu swali hilo, na bado tunapanga kununua.

Kuhusu taka, nitasema kwa kifupi kwa sababu wengi wanalijua tatizo hilo. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kuchakatwa ipasavyo. Kenya inakadiriwa kuzalisha zaidi ya tani 50,000 kwa mwaka. Risasi iliyomo katika skrini za kizamani na moshi wa waya zinazochomwa ili kutoa shaba haviishii jalalani; vinaingia katika udongo na maji, na katika milima ambayo chemchemi zake zinanywesha nyanda za chini jambo hilo si la kupuuza. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawabebesha watengenezaji na waagizaji dhamana ya bidhaa zao hadi mwisho wa maisha yake. Hapo pia ndipo penye jibu kwa anayehofia kwamba Linux itakuwa kisingizio cha kuendelea kutumwagia mitumba: ukaguzi wa kinachoingia bandarini ukazwe, na kilichokwisha kuingia kitumike mpaka kiishe kweli.

Kwa aliye na laptopu ya zamani nyumbani, hatua ya kwanza haina hatari. Linux Mint huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski: unachomeka flashi, unawasha mashine huku ukibonyeza F9 kwa HP nyingi au F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, unachagua flashi, na baada ya dakika chache una mfumo mzima wa kujaribu. Kagua kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, kama printa inaitikia, fungua eCitizen uone. Usipoipenda, zima, toa flashi, na Windows yako iko palepale. Ukiipenda, nakili picha na hati zako zote kwenye diski ya nje kabla ya fundi kubonyeza kitufe cha kusakinisha, kwa maana hapo ndipo watu hupoteza picha za harusi na vyeti vya watoto, na Linux haina lawama katika hilo.

Na kwa bodi za shule na maofisa wa ununuzi wa kaunti: ombi la kompyuta mpya likifika mezani, lije na orodha ya kompyuta za zamani, umri wake, na maelezo ya fundi yanayoonyesha kila moja ilijaribiwa kwa Linux na ikashindwa wapi. Ombi lisilo na orodha hiyo lirudishwe.